Waranti ya gari la mitumba: kinachoandikwa ndicho kinachodaiwa

MNUNUZI wa gari lililotumika hutoa fedha mara moja lakini hununua vitu viwili: gari lenyewe, na haki ya kumdai muuzaji endapo gari litaonekana si lile lililozungumzwa. Gari hukaguliwa. Litafunuliwa boneti, litagongwagongwa bodi na kuzungushwa mtaani. Haki ya kudai haikaguliwi na mtu mpaka siku injini inaponoki.

Kwa mfanyabiashara anayenunua Hiace ya kubebea abiria, pikapu ya kusambazia bidhaa au gari dogo la teksi, kosa hilo hula mtaji. Jibu la swali la nani atalipa hutegemea mambo matatu: ni nani aliyeuza, alisema nini kabla ya fedha kutolewa, na mnunuzi alikaa muda gani kabla ya kulalamika.

Sharti na waranti

Tanzania Bara mauzo haya huongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Nchini Kenya ni Sura ya 31. Zote mbili zilifuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya 1893, na ndiyo maana hukumu za Uingereza kuhusu magari hutajwa katika mahakama za Afrika Mashariki kama mwongozo, ingawa hazizifungi mahakama hizo.

Sheria hizo hutenganisha ahadi za aina mbili. Ya kwanza ni sharti, yaani ahadi inayobeba uzito wa mkataba wote. Likivunjwa, mnunuzi anaweza kulikataa gari na kudai fedha zake zote. Ya pili ni waranti, yaani ahadi ya pembeni. Ikivunjwa, gari linabaki kwa mnunuzi na anachodai ni fidia tu. Mitaani neno waranti hutumika kwa yote mawili, lakini mbele ya hakimu tofauti hiyo ina thamani ya gari zima.

Baadhi ya masharti huingia katika mkataba yenyewe, hata kama hakuna aliyeyatamka. Mawili humbana kila muuzaji, awe na yadi au awe mtumishi anayeuza gari lake la nyumbani.

Sharti la kwanza ni umiliki. Muuzaji lazima awe na haki ya kuuza. Katika kesi ya Rowland na Divall ya 1923, mfanyabiashara alinunua gari kwa pauni 334, akaliuza kwa mteja wake, na baada ya miezi kadhaa ikabainika kuwa lilikuwa la wizi. Mahakama iliamuru arudishiwe pauni zote 334, ingawa gari lilikuwa limekwisha kutumika. Sababu ilikuwa nyepesi: alilipia umiliki, na umiliki hakuupata.

Sharti la pili ni maelezo. Gari lazima lilingane na lilivyotangazwa. Mwaka 1967, katika kesi ya Beale na Taylor, mtu binafsi alitangaza gazetini gari aina ya Herald la mwaka 1961. Mnunuzi alilitazama, akalilipia pauni 190. Baadaye iligundulika kwamba gari hilo lilikuwa nusu mbili za magari mawili zilizochomelewa pamoja, na nusu moja tu ndiyo ilikuwa ya mwaka 1961. Muuzaji hakujua, na mnunuzi alikuwa ameliona gari kwa macho yake. Hata hivyo muuzaji alitakiwa kulipa fidia, kwa sababu alichouza hakikuwa kile alichokitangaza.

Yadi na mkononi

Masharti mengine mawili humbana mfanyabiashara wa magari peke yake. Moja ni kwamba gari liwe na ubora unaostahili kuuzwa. Lingine ni kwamba lifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja, iwapo alitegemea ujuzi wa muuzaji. Anayenunua mkononi kwa mtu asiyefanya biashara ya magari hapati masharti hayo. Hapo ndipo usemi wa mwenye macho haambiwi tazama unapogeuka kuwa sheria.

Ubora huo haumaanishi gari liwe kama jipya. Hukumu mbili za Jaguar huonyesha mpaka ulipo. Katika kesi ya Bartlett na Sidney Marcus ya 1965, muuzaji alimwambia mnunuzi kuwa klachi ina hitilafu ndogo, akapunguza bei kwa pauni 25. Matengenezo yakafika pauni 84. Mnunuzi alishindwa: alielezwa, akapunguziwa, akakubali. Katika kesi ya Crowther na Shannon ya 1975, gari lenye umri wa miaka 8 na maili zaidi ya 82,000 liliuzwa kwa pauni 390. Baada ya wiki 3 na maili zipatazo 2,300 injini ilikufa. Mnunuzi alishinda, kwa kuwa injini inayokufa mapema kiasi hicho ilikuwa imekwisha siku ya kuuzwa.

Kwa mwenye yadi, kisingizio cha "hata sisi tulilipokea hivyo hivyo kutoka Japani" hakina nguvu. Sheria haiulizi kama alijua. Inauliza kama gari lilikuwa na ubora unaostahili siku ya mauzo.

Kuna mtego kwa upande wa mnunuzi. Akilikagua gari kabla ya kununua, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Tairi lililokwisha, kioo kilichopasuka na moshi wa bluu unaoonekana wazi huhamia mabegani mwake. Kasoro iliyojificha ndani ya gia boksi hubaki kwa muuzaji. Kwa hiyo ukaguzi wa juu juu ni hasara mara mbili: hauoni kasoro, na bado unaweza kupunguza haki ya kudai.

Sharti la kufaa kwa kazi nalo lina utaratibu wake. Anayeingia yadi na kusema "nataka Hiace ile" amejichagulia mwenyewe. Anayesema "nataka gari la kubeba abiria kutwa nzima, mnanishauri lipi?" amemtegemea muuzaji. Katika kesi ya Baldry na Marshall ya 1925, mnunuzi alieleza kuwa anataka gari la starehe la safari, akashauriwa kununua Bugatti ambalo halikufaa kabisa kwa shughuli hiyo. Karatasi ya mauzo ilisema hakuna waranti yoyote. Mahakama ilijibu kuwa kilichovunjwa si waranti bali sharti, na maneno ya karatasi hayakuligusa sharti. Mnunuzi alirudishiwa fedha zake.

Maneno ya mdomo

Si kila sifa inayotajwa ni ahadi. "Gari hili ni moto wa kuotea mbali" ni maneno ya soko. "Injini ilibadilishwa, na tangu hapo limetembea maili 20,000" ni jambo jingine. Katika kesi ya Dick Bentley ya 1965, mfanyabiashara wa magari alitamka hivyo kuhusu gari ambalo lilikuwa limetembea karibu maili 100,000. Alihesabiwa kuwa ametoa ahadi, akalipa fidia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kujua ukweli.

Linganisha na kesi ya Oscar Chess na Williams ya 1957. Safari hii mtu binafsi alimuuzia mfanyabiashara wa magari gari aina ya Morris, akasema ni la mwaka 1948 kama kadi ilivyoonyesha. Kumbe lilikuwa la mwaka 1939, na kadi ilikuwa imechezewa na mtu wa nyuma. Mfanyabiashara huyo alishindwa. Muuzaji hakuwa na ujuzi wowote zaidi ya kadi aliyopewa, wakati mwenye biashara ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuchunguza namba za gari. Jaji Denning alikuwamo katika kesi zote mbili, na somo lake ni moja: anayejua zaidi ndiye anayebeba maneno yake.

Wafanyabiashara wanaonunua magari mkononi ili wayauze tena waizingatie hukumu hiyo. Mbele ya mwananchi wa kawaida, wao ndio wajuzi.

Kunyamaza si kudanganya

Wengi huamini kuwa muuzaji analazimika kutaja kila kasoro anayoijua. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ukimya peke yake si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme, au ukimya wenyewe unakuwa sawa na kusema. Kuficha kwa makusudi, hata hivyo, ni ulaghai. Kurudisha nyuma kilometa za mita, kuziba ufa wa chasisi kwa rangi au kuweka mafuta mazito ili injini isisikike ikigonga si ukimya. Ni vitendo.

Sheria hiyo ilichota kutoka sheria ya mikataba ya India ya 1872, ambayo ilieleza jambo hili kwa mfano wa farasi. Mtu akiuza farasi mgonjwa bila kusema lolote, hajalaghai. Lakini mnunuzi akimwambia "usipokataa, nitachukua kuwa farasi ni mzima", na muuzaji akanyamaza, ukimya wake umekuwa jibu.

Mfano huo ni wa zamani lakini una faida ya fedha taslimu leo. Mnunuzi asiyeuliza hana la kudai. Anayeuliza humweka muuzaji njia panda: aseme kweli na bei ishuke, au aseme uongo na mkataba uwe rahisi kuvunjwa. Sheria hiyo hiyo huongeza angalizo: mnunuzi ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida anaweza kunyimwa nafuu, endapo malalamiko yake yanahusu ukimya au maelezo yasiyo sahihi. Kuuliza hakuondoi haja ya fundi.

Sheria mpya za walaji

Sheria za karibuni zimeongeza ulinzi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na ndani yake mwenendo wa kupotosha wanunuzi na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa umepigwa marufuku. Kenya iliingiza haki za mlaji katika kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kisha ikatunga Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Sheria hiyo ya Kenya inatamka kuwa masharti ya Sura ya 31 hayawezi kufutwa na maneno ya mkataba wa mlaji. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" ukutani hakiondoi haki hiyo.

Hata hivyo mlaji ana mipaka yake. Anayenunua gari ili aliuze tena si mlaji katika sheria hizi, na anayenunua kwa ajili ya biashara asikimbilie kudhani kuwa zinamhusu. Yeye hurudi kwenye sheria ya zamani ya mauzo, ambayo humlinda pia mfanyabiashara lakini huruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa masharti yasiyotamkwa. Kwake yeye, maneno "limeuzwa kama lilivyo" yanaweza kugharimu fedha nyingi. Ayasome kabla ya kutia saini.

Gari la moja kwa moja kutoka Japani

Anayeagiza mwenyewe kwa intaneti huokoa faida ya mwenye yadi, lakini muuzaji wake yuko Japani. Hata kama haki ipo, kuidai ng'ambo kunaweza kula zaidi ya gharama ya injini. Kinga yake si mahakama. Ni karatasi za kabla ya malipo.

Muhimu kuliko zote ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kusafirishwa, na wakaguzi wa mnada huandika daraja la gari, kilometa, na mchoro wa bodi wenye alama za mikwaruzo na mibonyeo. Daraja la 4 au 4.5 kwa kawaida ni gari zuri. Herufi R au RA kwa kawaida huonyesha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo huandikwa Kijapani, na muuzaji anayetoa picha nzuri lakini hataki kuitoa karatasi yenyewe anastahili kuulizwa sababu.

Jambo la pili ni mwaka. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida yaliyozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru zaidi kwa gari lililozeeka. Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza vinaweza kutofautiana, na tofauti ya miezi michache inaweza kubadili kodi ya bandarini.

La tatu ni nafasi ya wakala. Kama risiti inasema ofisi ya Dar es Salaam ndiyo iliyouza, ofisi hiyo inadaiwa kama muuzaji. Kama inasema ofisi ilisaidia tu kuagiza kwa niaba ya mteja, muuzaji amebaki kule kule Japani.

Hesabu ya faida na hasara

Chukua mfano wa mwenye mtaji anayetaka Hiace ya daladala. Yadi inataka shilingi milioni 27. Gari la aina hiyo hiyo mkononi linauzwa milioni 25. Kuna akiba ya milioni 2.

Injini ikifa, tuseme nyingine na ufundi vitagharimu milioni 4. Gari litalala gereji siku 20, na hesabu ya shilingi 80,000 kwa siku itapotea, yaani milioni 1.6. Hasara nzima ni milioni 5.6. Akiba ya milioni 2 ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya hasara hiyo. Kwa hiyo, kama fundi anayeaminika anaona uwezekano wa injini kufa mapema uko chini ya moja katika tatu, kununua mkononi kunalipa. Kama uko juu ya hapo, yadi ni nafuu ingawa bei yake ni kubwa.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Milioni 2 za ziada hununua kinga iwapo tu yadi inabaki na wajibu. Yadi inayoandika "hakuna dhamana, limeuzwa kama lilivyo" inatoza bei ya yadi na kutoa haki za mkononi. Mfanyabiashara akikutana na maneno hayo ana njia mbili: yafutwe, au bei ishuke.

Muda ni fedha

Haki ya kulikataa gari haikai milele. Mnunuzi huhesabiwa kuwa amelipokea gari akisema amelikubali, akifanya jambo linaloonyesha kuwa ni mali yake, kama kuliuza tena, au akikaa nalo muda wa kutosha bila kusema kitu. Baada ya hapo, kwa kasoro za ubora na maelezo, hubaki na fidia tu. Uingereza iliweka mwaka 2015 muda maalumu wa siku 30 kwa mlaji kurudisha bidhaa yenye kasoro kwa mfanyabiashara. Sura ya 214 na Sura ya 31 husema tu muda unaostahili, na muda huo huamuliwa na mazingira ya kila kesi.

Kasoro kubwa ikionekana, gari lisimamishwe. Barua yenye tarehe iandikwe siku hiyo hiyo, na muuzaji apewe nafasi ya kuliona kabla fundi hajafungua kitu. Injini ikishafunguliwa, kila upande utakuwa na hadithi yake. Nchini Kenya madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016.

Karatasi moja kabla ya malipo

Marekani, tangu 1985, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika hutakiwa kubandika karatasi dirishani mwa gari inayosema kama linauzwa bila dhamana au na dhamana, ni sehemu zipi zimo, na muuzaji atalipa asilimia ngapi ya matengenezo. Yaliyomo huwa sehemu ya mkataba.

Mnunuzi wa Kariakoo au Mombasa hana haja ya kusubiri kanuni ya namna hiyo. Anaweza kuandika karatasi yake na kumwomba muuzaji aijaze na kutia saini:

1. Mmiliki ni nani, na je, gari limewekwa rehani benki au kwa mtu?

2. Namba ya chasisi na ya injini ni zipi, na zinalingana na kadi?

3. Mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa mara ya kwanza ni upi?

4. Kilometa zinazoonekana ni za kweli kwa kadiri muuzaji ajuavyo?

5. Limewahi kupata ajali, kuzama majini au kubadilishwa injini?

6. Kasoro gani zinajulikana leo?

7. Mnunuzi ameeleza kuwa gari ni la kazi gani?

8. Muuzaji atatengeneza nini, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani?

Namba za gari zihakikiwe pia na mamlaka ya usajili kabla ya fedha kutoka, na kadi ibadilishwe jina mara moja. Kama kuna dalali, majibu yatolewe na mwenye gari mwenyewe, kwa sababu dalali akishapata chake huwa hapatikani.

Muuzaji mkweli hupoteza dakika kumi kuijaza karatasi hiyo. Anayekataa kabisa naye ametoa taarifa, na mnunuzi aihesabu kwenye bei. Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika soko la magari ya mitumba, deni lisiloandikwa ni gumu kulidai.